Duara la Rangi Kwenye Daftari la Hesabu: Mwanao Anajifunza Nini Hasa?

Kila muhula ukifika katikati, makundi ya WhatsApp ya wazazi hupokea picha ya aina moja. Karatasi ya mviringo iliyokunjwa hadi ikachoka, petali nane za rangi ya maji, gundi imemwagikia pembeni. Chini yake mzazi ameandika: "Jamani, hii ndiyo hesabu tunayolipia?" Mwingine anaongeza kwamba wa kwake ameagizwa aende na bamia nne na kizibo cha soda. Wa tatu anakumbusha kwamba sisi tulikariri jedwali la kuzidisha, na tumekua watu wazima wenye akili zetu.

Kenya malalamiko haya yapo tangu mtaala wa umilisi ulipoanza kutumika shuleni mwaka 2019. Tanzania nayo ilianza kutumia mitaala mipya Januari 2024, na wazazi wanakutana na kazi za mikono ambazo wao hawakupewa utotoni. Naielewa hofu yao. Muda wa mtoto ni mali, na hakuna mzazi anayetaka kuona mali hiyo ikiishia kwenye gundi. Ila nimekaa chini mara nyingi na watoto wa mtaani kwetu, mkasi mkononi na karatasi zimetapakaa ukumbini, na nasema bila kusita kwamba duara lile ni hesabu, tena si hesabu nyepesi. Lina sharti moja, na sharti hilo likikosekana mzazi ana haki ya kulalamika. Nitalifikia.

Tuanze na neno lenyewe, kwa sababu mkanganyiko mwingi unaanzia hapo. Mada inayofundishwa inaitwa ulinganifu. Katika mazungumzo ya kawaida, vitu vikilingana maana yake viko sawa: urefu sawa, uzito sawa, bei sawa. Kwa hiyo mtu akisikia "umbo lenye ulinganifu" anafikiria mara moja umbo linalogawika vipande viwili sawa. Hiyo ni nusu ya ukweli, na hiyo nusu inawapotosha watoto wengi.

Chukua kanga. Ni mstatili. Ikunje kona kwa kona, kutoka kona ya juu kushoto hadi ya chini kulia. Mkunjo huo umeigawa kanga vipande viwili vyenye eneo sawa kabisa. Ungeikata hapo na kuweka vipande kwenye mizani, visingepishana. Lakini je, umekunja, upande mmoja umelala juu ya mwenzake? Haukulala. Kona zimechomoza huku na huku, kama kila anayekunja nguo anavyojua. Vipande ni sawa, lakini mkunjo ule si mstari wa ulinganifu. Mstatili una mistari miwili tu ya namna hiyo: wa kukunja kwa urefu na wa kukunja kwa upana. Na kwenye kanga halisi ukiangalia kwa makini unabaki na mmoja, maana jina, yale maneno yaliyoandikwa chini ya mji, yapo upande mmoja tu. Ukiwa mkali zaidi, hata huo mmoja unaobaki unavunjwa na herufi zenyewe, kwa sababu zinasomeka kutoka kushoto kwenda kulia na si kinyume chake.

Sasa maana yenyewe, nayo naona inaeleweka vizuri zaidi ikichezwa kuliko ikisemwa. Weka mezani sahani nyeupe ya mviringo isiyo na ua wala ufa. Mwambie mtoto afumbe macho. Izungushe sahani kidogo, au usiiguse kabisa, kisha mwambie afumbue. Muulize: nimeigusa au sikuigusa? Hawezi kujua. Sasa tia nukta moja ya wino ukingoni mwa sahani, mrudie mchezo. Safari hii kila ukiizungusha anakukamata, isipokuwa umeizungusha mzunguko mzima. Ongeza nukta ya pili upande wa pili, mkabala na ya kwanza. Zungusha nusu mzunguko: hajui. Zungusha robo: amekukamata. Tia nukta nne kwa nafasi sawa, na robo mzunguko nayo inakuwa siri.

Ulinganifu ndio huo. Ni tendo unaloweza kulifanyia umbo, kisha aliyefumba macho akifumbua asitambue kama umeligusa. Ndiyo sababu wanahisabati hawaishii kuuliza kama umbo fulani lina ulinganifu. Wanauliza lina mangapi, maana yake matendo mangapi ya siri. Mtoto wa darasa la pili analielewa swali hilo bila shida akilicheza kwa sahani. Akielezwa ubaoni kwa maneno tu, hata wa darasa la saba anababaika.

Matendo yenyewe, kwa kiwango cha shule ya msingi, ni mawili: kukunja na kuzungusha. Kukunja ndiko wengi tunakokujua. Uso wa mtu, kipepeo, herufi A, suruali: upande wa kushoto ni kivuli cha kioo cha upande wa kulia. Kuzungusha ndiko kunakosahauliwa, na hapa pangaboi la sebuleni linafundisha vizuri kuliko mchoro wowote. Lina mapanga matatu. Likiwa limezimwa, lizungushe theluthi moja ya mzunguko, nyuzi 120, na kila panga linakaa mahali pa mwenzake, hakuna atakayejua. Lakini jaribu kulikunja kwa mawazo. Haliwezekani, kwa kuwa kila panga limeinama kidogo, na yote yameinamia upande mmoja. Pangaboi la kwenye kioo mapanga yake yameinamia upande wa pili; likizunguka mwelekeo ule ule lingesukuma hewa juu darini badala ya kukupepea. Kititia, kile kidude cha majani ya mnazi ambacho watoto hukimbia nacho ili kizunguke kwa upepo, nacho ni hivyo hivyo. Kina ulinganifu wa kuzungusha, hakina wa kukunja. Bila ule upinde wa upande mmoja, upepo usingekizungusha.

Kwa hiyo kuna maumbo ya jamii ya ua, yanayokunjika na kuzungushika, na kuna maumbo ya jamii ya pangaboi, yanayozungushika tu. Mwanao akijua kutofautisha jamii hizi mbili, ameshika kiini cha mada nzima.

Kwa nini duara?

Kwa sababu duara ndilo umbo tajiri kuliko yote. Mstatili una mikunjo 2 ya ulinganifu, pembetatu yenye pande sawa ina 3, mraba una 4. Duara mikunjo yake haihesabiki. Mtu akikata chapati kwa mstari ulionyooka, mstari wowote ule, kutoka upande wowote, alimradi umepita katikati kabisa, ametoa nusu mbili zinazolaliana. Na lizungushe duara kwa kiasi chochote, nyuzi 5 au nyuzi 173, macho hayatambui. Umbo la namna hii halimbani mtoto. Ukimpa mraba, tayari umeshamwamulia kwamba mambo yatakwenda kwa nne. Ukimpa duara tupu, anaamua mwenyewe: nitabakiza tatu, tano au nane. Kila anachokichora ndani yake kinapunguza ule utajiri, na kazi ya mwalimu ni kumfanya mtoto aone amepunguza nini na amebakiza nini.

Na duara lina kitovu, ambacho si lazima apewe, anaweza kukitafuta. Afuate ukingo wa sahani kwa penseli, akate, kisha akunje karatasi katikati, aifungue, aikunje tena kwa upande mwingine. Mikunjo miwili inakatana kwenye kitovu. Nimeona mtoto akikunja mara tano zaidi kuhakikisha, na kila mkunjo ukapita nukta ile ile. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo.

Wenzetu wa zamani walijua kutumia kitovu bila daftari. Anayejenga nyumba ya msonge hupiga kigingi katikati ya uwanja, hufunga kamba, huinyoosha na kuzunguka nayo akichora ardhini. Kamba ile ndiyo nusukipenyo. Wapeleke watoto uwanjani na kigingi na kamba ya mita moja, kisha waambie jambo hili: kwa kamba ile ile, bila kuipunguza wala kuiongeza, wapime hatua juu ya duara walilolichora, kila hatua ikianzia ilipoishia iliyoitangulia. Hatua ya sita inarudi pale pale walipoanzia. Si karibu na pale. Ni pale pale. Mara ya kwanza nilipoliona hili kwa bikari, nami nilikuwa mtu mzima tayari, nilirudia mara tatu kwa madaira ya ukubwa tofauti nikidhani nimebahatisha.

Sababu yake ni nyepesi ukiiona. Unganisha kitovu na mwanzo na mwisho wa hatua moja: umepata pembetatu ambayo pande zake zote tatu ni kamba ile ile. Pembetatu yenye pande sawa ina pembe za nyuzi 60, na sita mara 60 ni 360, mzunguko mzima. Mwanafunzi mdadisi atauliza: basi mzingo wa duara ni nusukipenyo mara sita? Hapana. Hatua zilikatiza kwa mstari mnyoofu, na mzingo unapinda, kwa hiyo ni mrefu kidogo zaidi, kama mara 6.28. Swali hilo likitoka kwa mtoto mwenyewe, somo la mzingo limeshaanza.

Karatasi inayodanganya

Turudi kwenye ile karatasi ya WhatsApp, yenye petali nane. Kazi yenyewe ni ya zamani: kata duara, likunje nusu, likunje tena, likunje mara ya tatu. Umepata kipande chembamba kama kipande cha keki, chenye matabaka manane. Kata vijitundu pembeni, kisha fungua.

Kabla mtoto hajafungua, muulize swali moja: ukifungua, mchoro wako utazungushika mara ngapi? Karibu wote hujibu nane. Ni jibu la busara, kwani matabaka ni manane. Mwache afungue, aweke karatasi juu ya kivuli chake alichokichora kwa penseli, aizungushe thumuni moja. Haikai. Matundu yameangalia kwingine. Aizungushe thumuni nyingine, yaani jumla robo mzunguko: sasa imekaa. Mchoro unajirudia mara nne, si nane.

Hapa ndipo watoto hukunja nyuso, na hapa ndipo hesabu ilipo. Kipande na jirani yake hawakuwa nakala. Walikuwa wanaangaliana kama mtu na kioo, kwa sababu kukunja ndiko kulikowazaa. Kipande cha kwanza kinaangalia kulia, cha pili kushoto, cha tatu kulia tena. Ili upate nakala halisi lazima uruke mmoja. Na ile mikunjo inayoonekana kama minane, ukiifuata kwa kidole unakuta kila mmoja umepita kitovu na kuunganika na mwenzake wa upande wa pili. Mistari mizima ni minne tu. Anayetaka nane za kweli itabidi akunje mara moja zaidi, matabaka 16, na hapo mkasi wa shule unagoma.

Nimetaja thumuni kwa makusudi. Kiswahili kina majina ya visehemu ambayo watoto wetu wanayapoteza: nusu, thuluthi, robo, humusi, sudusi, thumuni. Mtoto aliyekunja duara mpaka thumuni haoni tena 1/8 kama namba mbili zilizopandana, anaona kipande. Na anaona kwa macho kwamba thumuni mbili ni robo, kabla hajafundishwa kurahisisha.

Rangi zinabadili kila kitu

Sehemu hii naipenda kuliko zote, na ndiyo walimu wengi huipita haraka. Mtoto amechora ua la petali sita kwa bikari, zile hatua sita. Kabla ya rangi, ua linazungushika mara sita na lina mistari sita ya kukunja. Sasa apake.

Akipaka zote nyekundu, hakuna kilichobadilika. Akipaka nyekundu, njano, nyekundu, njano mpaka mwisho, lizungushe petali moja na utamkamata: nyekundu imekaa palipokuwa na njano. Inabidi kuruka petali mbili mbili. Zile siri sita zimekuwa tatu, na mikunjo nayo imekuwa mitatu. Akipaka petali moja tu rangi ya bluu na zilizobaki nyeupe, kuzungusha kumekufa kabisa, umebaki mkunjo mmoja, ule unaopita katikati ya petali ya bluu.

Halafu mpe rangi tatu kwa kufuatana: nyekundu, njano, kijani, nyekundu, njano, kijani. Muulize ua linakunjika wapi. Atajaribu kila mstari. Kila akikunja, njano inalalia kijani au nyekundu inalalia njano. Halikunjiki popote! Lakini lizungushe nusu mzunguko na kila rangi imerudi kwenye rangi yake. Penseli tatu za rangi zimelitoa ua kwenye jamii ya maua na kulitia kwenye jamii ya pangaboi, bila kubadili umbo lake hata kidogo. Nyekundu, njano, kijani ni mfuatano wenye mwelekeo, kama panga lililoinama, na kwenye kioo mwelekeo huo unageuka.

Jaribu pia kumpa rangi hizo tatu kwa ua la petali nane. Anafika mwisho na nyekundu na njano, kisha anakutana na nyekundu aliyoanzia. Kijani hakina nafasi. Kuna watoto wanaofuta wakidhani wamekosea kuhesabu. Hawajakosea. Nane haigawanyiki kwa tatu, na duara limewaambia hivyo kabla ya mwalimu. Kizibo cha bati cha soda, kwa upande wake, kina meno 21. Mpe ahesabu, kisha umuulize: rangi mbili za kupokezana zitakaa kwenye meno haya? Tatu je? Saba je? Hayo ni masomo ya vigawo, na kifaa chake kimeokotwa mlangoni mwa duka.

Kugawa duara mafungu saba ni kisa kingine. 360 kwa 7 haitoi namba kamili, na kwa rula na bikari peke yake kazi hiyo haiwezekani. Pierre Wantzel wa Ufaransa alilithibitisha hilo mwaka 1837. Miaka 41 kabla yake, Carl Friedrich Gauss, kijana wa Ujerumani ambaye alikuwa hajatimiza hata miaka 19, alikuwa amegundua kwamba mafungu 17 yanawezekana. Mtoto wa miaka tisa anayelalamika kwamba petali zake saba hazikai sawa amegusa ukuta ule ule uliowashughulisha mabingwa.

Vitu vya kwetu

Vitabu vingi vya kazi hizi huja na mandala, na hapo huzuka hofu nyingine: wazazi wengine huona ni ibada ya dini ngeni imeingizwa darasani kwa mlango wa nyuma. Hofu hiyo inastahili jibu la heshima. Mandala ni neno la Kisanskriti lenye maana ya duara, na kweli kwa Wabudha na Wahindu ni mchoro mtakatifu. Watawa wa Tibet huutengeneza kwa mchanga wa rangi kwa siku kadhaa kisha huufagia. Lakini mchoro unaojirudia kuzunguka kitovu hauna dini. Umo kwenye nakshi za misikiti, kwenye madirisha ya duara ya makanisa makuu ya Ufaransa, na kwenye kiti cha pweza, yule kiumbe wa baharini mwenye umbo la nyota, anayelala pwani na mikono yake mitano. Mwalimu anayetaka kuepusha maneno ana vitu tele vya nyumbani, na mimi naona hivyo vya nyumbani vinafundisha vizuri zaidi.

Kofia ya viua, kwa mfano. Igeuze uangalie kipande cha juu: duara dogo lenye nakshi zilizopangwa kuzunguka kitovu. Mshonaji huanza na mchoro juu ya kitambaa ndipo sindano ifuate, na nakshi isipogawanywa vizuri mwanzoni, mwisho wa duara haufungi, sawasawa na yule mtoto wa rangi tatu na petali nane. Mpe mwanao kofia ya babu yake aizungushe taratibu na ahesabu ni mara ngapi inarudi ilivyokuwa. Kisha mpe ungo. Kwa nje ni duara kama sahani, lakini ndani vipande vimesukwa kwa kukatizana, na ukiuzungusha kidogo tu unaona mistari imepinda. Lazima ufike nusu mzunguko ndipo irudi kwenye mwelekeo wake. Ukingo unasema jambo moja, msuko unasema jingine. Watoto wanalifurahia sana hilo, kwa kuwa wanadhani wamelifumania.

Haya si maneno ya kujipamba. Paulus Gerdes, mwanahisabati aliyefanya kazi Msumbiji na kufariki mwaka 2014, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kuchunguza jiometri iliyomo kwenye vikapu na misuko ya Kiafrika, akitaka watoto wa Msumbiji wajue kwamba mikono ya wasusi ilikuwa inafikiri kihesabu muda wote.

Sharti

Sasa lile sharti. Duara la rangi linakuwa hesabu pale mtoto anapoulizwa kabla. Kabla hujafungua karatasi, kabla hujazungusha, kabla hujapaka petali ya mwisho: unadhani itakuwaje? Akisema, akajaribu, akakuta sivyo, akatafuta sababu, amefanya hesabu hata kama petali zake zimepinda. Asipoulizwa kitu, akapewa duara lililochapishwa tayari na kuambiwa apake asitoke nje ya mstari, basi mzazi wa WhatsApp yuko sahihi: hiyo ni kazi ya kutuliza darasa. Ulinganifu wote umeshafanywa na aliyechapa.

Kwa sababu hiyo pia uzuri wa kazi usikudanganye. Duara safi linalong'aa linaweza kuwa limefanywa na dada yake wa sekondari. Duara lililopinda, lenye alama za kufutwa-futwa, mara nyingi ndilo lililofikiriwa. Na wanaosema kazi hizi ni za watoto wenye kipaji cha kuchora wanachanganya mambo mawili: hapa hatuhitaji mkono mzuri, tunahitaji mkono unaorudia kitu kile kile na jicho linalokagua. Gharama nayo isiwe kisingizio. Sahani ya kufuatia duara, karatasi iliyokwishaandikwa upande mmoja, mkasi, uzi. Zaidi ya hapo ni mbwembwe.

Kuna faida moja ambayo haionekani haraka. Watoto wengi wanaoanza kusoma huchanganya b na d, na wakubwa huwagombeza. Herufi hizo mbili ni kivuli cha kioo cha kila mmoja, na d ukiizungusha nusu mzunguko inakuwa p. Kwa kikombe mambo ni tofauti: kikiangalia kulia au kushoto kinabaki kikombe. Kwa herufi, upande ndio unaobadili jina. Mtoto aliyecheza na vioo na mizunguko ana maneno ya kuelezea kinachomchanganya, na kwa mzazi aliye na subira maneno hayo yanasaidia kuliko kibao cha kisogoni.

Na zile bamia? Kata bamia kwa upande, si kwa urefu, chovya kwenye rangi, gonga kwenye karatasi. Unapata nyota ya vyumba vitano, kwa kawaida. Papai ukilikata hivyo hivyo lina uwazi wa nyota ya pembe tano, na ndizi inaonyesha mafungu matatu. Watoto hupanga mihuri hiyo kuzunguka duara, ulinganifu ndani ya ulinganifu.

Binti mmoja wa jirani yangu, yuko darasa la tatu, alikuwa anagonga muhuri wa duara lake jikoni kwao akasimama ghafla. Alihesabu, akahesabu tena, akaniita: "Shangazi, hii ina sita." Kweli, bamia ile ilikuwa na vyumba sita, hutokea. Akaiweka kando ya yenye tano, akazizungusha zote mbili taratibu kwa vidole vyenye rangi ya bluu, midomo ikihesabu. Akaniambia hii inakaa mara sita, ile mara tano, kwa hiyo haziwezi kuwa kwenye duara moja. Kisha akauliza kama kuna yenye saba.

Tulikata fungu zima. Mama yake alipoingia alizikuta bamia zote zimeshakuwa viduara, akazipika hivyo hivyo. Yenye saba hatukuipata, na kesho yake asubuhi mtoto alikuwa mlangoni na kikapu, akimsubiri mama yake waende sokoni.